Matairi ya A/T kwa pikapu: maswali tunayoulizwa kila siku Arusha na Moshi

Nafunga matairi Unga Limited, Arusha, mwaka wa kumi na mbili sasa. Pikapu zinazoingia kwetu ni za kila kazi: za viazi na vitunguu, za wakandarasi, za wanaopeleka vyakula kambini Ndutu na Ngare Sero, za wazee wanaopanda Uru kila Jumamosi kuangalia migomba yao. Maswali yao yanafanana, na kosa linalowagharimu linafanana pia. Mtu anachagua tairi kwa sura ya kashata, yale mapande ya mpira yanayokanyaga njia, halafu mzigo anaobeba na upepo anaojaza havimo kabisa kwenye hesabu yake. Majibu haya nimeyaandika kwa mwenye pikapu anayetaka seti moja imfikishe mbali.

A/T ni tairi la namna gani, na linatofautianaje na H/T na M/T?

Herufi hizo zinakuambia tairi limechongwa kwa njia ya aina gani. H/T ni la lami: kashata zimebanana, mifereji ni myembamba, linatembea kimya. M/T ni la tope: kashata ni mapande makubwa yaliyoachana, na ukiliweka kwenye lami linavuma kama mashine ya kusaga na linaisha upesi. A/T liko katikati yao. Kashata zake zimeachana kiasi cha kutema kokoto na udongo, lakini zinashikana vya kutosha kukutoa Arusha hadi Moshi, kilomita 80 za lami, huku mkisikilizana vizuri na abiria wako. BFGoodrich walitoa la kwao la kwanza mwaka 1976, na leo karibu kila kampuni kubwa ina lake.

Kashata nene zinavutia macho dukani. Lakini zikiwa na nafasi kubwa kati yake, kila moja inajikunja inapokanyaga lami, na kule kujikunja ndiko kunakolila tairi. Ndiyo maana kijana anayefunga M/T kwa ajili ya muonekano anarudi kwetu mapema kuliko mwenzake wa A/T, na wote wawili wamepita barabara ileile.

Nakaa Moshi mjini, kijijini napanda mara moja kwa wiki. Nahitaji A/T kweli?

Inategemea lami inakuachia wapi. Kwa anayeishia penye lami Marangu au Machame, H/T nzuri inatosha na itadumu zaidi. Ukiiacha lami ukaingia njia za migombani, hapo mambo ni mengine. Udongo ule mwekundu ukilowa masika, kuanzia Machi hadi Mei, unateleza kama sabuni, na mifereji ya H/T inajaa udongo mzunguko wa kwanza tu. Gari linabaki linakanyaga udongo kwa udongo.

Wateja nawaambia waandike safari zao kwa wiki mbili, kilomita za lami upande mmoja wa karatasi, za vumbi na tope upande wa pili. Vumbi na tope likiwa chini ya sehemu moja ya tano, na hubebi mizigo mizito, nunua H/T na hela inayobaki ufanyie alaimenti. Likifika theluthi, A/T inajilipa. M/T nawashauri wachache sana, wale ambao lami kwao ni ya kuvuka tu.

Namba za ubavuni zinasemaje?

Hapa nilipo kuna matairi mawili yamelala chini, yote ya rimu ya inchi 17. La kwanza limeandikwa 265/65R17 112T, la pili LT265/70R17 121/118S.

Tuanze na la kwanza. 265 ni upana wake kwa milimita. 65 ni kimo cha ubavu, yaani asilimia 65 ya upana huo. R inaonyesha ni radial, yaani nyuzi zake zimekatiza moja kwa moja kutoka ubavu hadi ubavu, 17 ni rimu. 112 ni alama ya uzito, na maana yake ni kilo 1,120 kwa tairi moja. T ni mwendo wa mwisho, kilomita 190 kwa saa.

La pili linaanza na LT, na hizo ni herufi za tairi lililoundwa kwa gari la mzigo. 121 ni kilo 1,450 likifungwa moja kila upande. 118 ni kilo 1,320 kwa kila moja yakifungwa mawili mawili kama nyuma ya Fuso. S ni kilomita 180 kwa saa, mwendo ambao pikapu yenye mzigo haina sababu ya kuufikia. Pikapu za zamani utazikuta na 205R16C, na ile C ya mwisho nayo ni ya mzigo. Land Cruiser mkonga za pikapu nyingi zinatembelea 7.50R16, tairi jembamba, refu, gumu.

Wengi wanasoma saizi tu, 265/65R17, wanaishia hapo. Namba inayofuata, ile ya uzito, ndiyo inayoamua kama tairi litamaliza mwaka.

Plai 4, 6, 8 au 10? Nichukue ipi?

Plai ni kipimo cha nguvu za tairi, na jibu liko nyuma ya gari lako, kwenye bodi. Mwaka jana alikuja mama mmoja anayesafirisha viazi, analalamika kwamba matairi ya nyuma yanamfia kila baada ya miezi michache na ya mbele bado mazima. Matairi yake yalikuwa A/T ya 112, mapya kabisa alipoyanunua, ya jina zuri. Nikamuuliza anapakia magunia mangapi. Kumi na mawili, akasema, lumbesa. Tulipopima moja lilikuwa kilo 130.

Hesabu tuliifanya pale pale juu ya boksi. Magunia 12 mara kilo 130 ni kilo 1,560, na karibu uzito wote huo unakalia ekseli ya nyuma. Pikapu yenyewe ikiwa tupu inaweka nyuma kama kilo 800. Jumla ni kilo 2,360. Matairi yake mawili ya nyuma, kwa kilo 1,120 kila moja, mwisho wake ni kilo 2,240, tena yakiwa yamejaa upepo sawasawa na barabara iko tambarare. Kila shimo alilopita, yalikuwa yanabeba kuliko hapo. Hayakuwa matairi mabaya.

Nilimwambia mambo mawili, na nakuambia na wewe. La kwanza, apunguze magunia, kwa sababu tairi gumu haliongezi uwezo wa springi, ekseli wala breki, na uzito unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha gari. La pili, kwa anayebeba mzigo karibu na mwisho wa uwezo wa gari mara nyingi kwa wiki, achukue LT ya plai 8 au 10. Anayebeba watu na mizigo midogo, tairi la kawaida la A/T lenye alama ya 112 hadi 116 linamtosha, na gari litakuwa laini zaidi. Plai 10 kwenye gari tupu inakurusha kwenye kila tuta, na mrusho huo unaishia kwenye bushi na shokapu.

Neno plai lisikuchanganye. Zamani plai 10 zilikuwa tabaka 10 za pamba kweli. Siku hizi nyuzi zina nguvu zaidi, na tairi la plai 10 linaweza kuwa na tabaka mbili au tatu tu ubavuni. Namba hiyo ni kipimo cha nguvu.

Nijaze upepo kiasi gani?

Swali hili ndilo lenye faida kuliko mengine yote, na ndilo linalojibiwa ovyo kuliko mengine yote. Barabarani tairi linajazwa kwa macho, au fundi analipiga teke kisha anasema tayari. Tairi la plai 10 ubavu wake ni mgumu. Likiwa na psi 22 linaonekana limejaa kabisa. Nunua geji yako mwenyewe, ikae kwenye droo ya gari.

Anza na stika iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Namba zake ni za tairi la saizi ya kiwandani, tena likiwa la baridi, yaani gari limelala au limetembea kilomita mbili hivi. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, namba zile hazitoshi tena. Ile 121, kilo 1,450, tairi la plai 10 linaifikia likiwa na psi 80. Likiwa na psi 35 linabeba pungufu sana, hata kuliko tairi la kawaida lenye psi hizohizo 35. Hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Mtu ananunua tairi gumu la bei, halafu analibebesha mzigo likiwa na upepo wa tairi laini. Linachemka kwa ndani, nyuzi zinaachana na mpira kidogo kidogo, na siku moja linapasuka mchana wa jua kali, gari likiwa limejaa.

Njia ya kujua upepo wako ni hii hapa. Pima asubuhi kabla hujatoka. Tembea dakika 40 kwenye lami ukiwa na mzigo wako wa kawaida, simama, pima tena. Ukikuta limepanda psi 4 hadi 6, uko sawa. Likiwa limepanda zaidi ya hapo, ulianza na upepo mdogo, kwa hiyo kesho asubuhi ongeza. Likiwa limepanda psi 1 au 2 tu, umejaza kupita mahitaji. Usipunguze upepo tairi likiwa la moto eti kwa sababu namba imepanda. Likipoa litakuwa pungufu.

Kuna madereva wanaoniuliza kuhusu kupanda Ngorongoro, kwamba hewa ya juu inabadilisha upepo. Ni kweli inabadilisha. Ukijaza Moshi, iliyo kama mita 850 juu ya bahari, ukapanda hadi ukingo wa kreta kwenye mita 2,300 hivi, hewa ya nje inakuwa nyepesi na geji itataka kusoma psi 2 zaidi. Lakini kule juu kuna baridi, na baridi inashusha kama psi 1 kwa kila nyuzijoto 5 au 6. Mambo mawili hayo yanakulana, geji inabaki karibu palepale. Usihangaike nayo.

Kwenye rafu rodi nipunguze upepo?

Kwenye vumbi lenye matuta madogo madogo yanayotikisa gari mpaka meno, ndiyo, gari likiwa jepesi. Kutoka psi 35 kwenda 26 au 28 tairi linalala chini zaidi, linameza mtikisiko, kashata hazichanwi na kokoto ovyo. Mwendo ushuke pia, 40 hadi 50. Na uwe na pampu ya umeme wa gari, kwa sababu ukifika lami unarudisha upepo kabla ya kuongeza mwendo, siyo ukifika nyumbani. Ukiwa na mzigo mzito usipunguze. Kwenye mawe makali pia usipunguze sana, kwa sababu inayojitolea mhanga pale ni mbavu, na hilo linastahili swali lake.

Mawe ya Engaruka yanachana matairi yangu. Kuna A/T inayoyaweza?

Kuna zinazoyaweza kuliko nyingine. Ukitoka Mto wa Mbu kufuata njia ya Engaruka hadi Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, unapita juu ya mawe ya volkano, mengine yana ncha kama vigae. Pikapu yangu ya kwanza niliipeleka kule nikiwa na matairi laini ya gari dogo la familia, niliyoambiwa dukani kwamba yanafaa kila mahali. Nilikuwa na mitungi ya gesi na maji ya kambi. Njiani nilisikia kama kitambaa kinachanwa, gari likalala kushoto. Nilipopiga magoti nikakuta mchano wa urefu wa kidole gumba, chini kidogo ya bega la tairi, nyuzi zimetokeza nyeupe kama katani. Kashata juu yake zilikuwa nzima, hazijapungua hata robo. Tairi hilo halikuwahi kuzeeka.

Chini ya kashata kuna mikanda ya waya wa chuma. Ubavuni hakuna chuma, kuna nyuzi tu na mpira. Kwa hiyo kwa njia za mawe tazama ubavu kabla ya kashata: tafuta LT, tafuta lenye tabaka tatu za nyuzi ubavuni (huwa zimeandikwa hapohapo kwa herufi ndogo, idadi ya tabaka za kwenye kashata na za ubavuni), na lenye mpira mnene wa meno ulioshuka kutoka begani kwenda chini. Bonyeza ubavu kwa kiganja na uzani wako wote. Ukilinyanyua LT na la kawaida la saizi moja, mikono yenyewe itakuambia lipi lina nyama.

Uendeshaji nao una nafasi yake. Jiwe likiwa kwenye mstari wako na ni dogo kuliko nafasi ya chini ya gari, likanyage katikati ya kashata polepole. Wanaochanika wengi ni wale waliojaribu kulikwepa kwa sentimita tano, ubavu ukapita ukilisugua.

Na tope jeusi la mbugani?

Udongo ule wa Simanjiro na mabonde yake ukilowa unanata kwenye tairi lolote, na A/T inajaa mpaka huoni kashata. M/T inajisafisha zaidi, lakini nayo ina mwisho. Ukikanyaga mafuta kidogo tairi linatupa sehemu ya udongo. Ukikanyaga sana unachimba. Watu wa kule husubiri jua liwake nusu siku, kisha wanapita. Mimi nasubiri pamoja nao.

Nitajuaje kama tairi ni jipya kweli?

Tafuta neno DOT ubavuni, kisha fuata mpaka mwisho wake ambako kuna namba nne ndani ya kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba hizo mara nyingi ziko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo ligeuze.

Nimewahi kununua manne kwa bei ya kuvutia, yana lebo na vile vinywele vya mpira, yananukia upya. Niliyageuza baada ya kulipa. Yalikuwa na miaka saba. Duka lilisema hayajatumika, na kweli yalikuwa hayajatumika, lakini mpira unazeeka hata ukiwa umekaa: unakauka, unapoteza mafuta yake, unapasuka nyufa nyembamba kati ya kashata. Kwa tairi ninalotaka lidumu sinunui lililozidi miaka miwili tangu litengenezwe. Likifika miaka sita kwenye gari nalikagua kila mwezi, na likifika kumi linatoka, hata kama kashata zipo.

Nikifunga saizi kubwa kuliko ya kiwandani kuna ubaya?

Kutoka 265/65R17 kwenda 265/70R17 kipenyo kinaongezeka kutoka milimita 776 hadi 803, kama asilimia 3 na nusu. Spidi ikisoma 80 unatembea karibu 83. Wengi wanavumilia hilo, na unapata kimo kidogo zaidi. Ukienda 285/70R17 kipenyo kinafika 831, ongezeko la asilimia 7. Spidi ya 80 ni karibu 86, na trafiki akikupiga tochi hatasikiliza habari za saizi ya tairi. Injini inavuta kwa shida mlimani, mafuta yanaongezeka, breki zinafanya kazi zaidi, na ukikata kona mpaka mwisho tairi linaweza kusugua plastiki za ndani. Kwa anayetaka seti idumu, nasema baki kwenye saizi ya kiwandani au panda hatua ile moja.

Matairi ya mtumba je?

Kwa pikapu ya mzigo, hapana. Kashata unaziona, lakini huoni historia ya ndani: lilitembea bila upepo mara ngapi, liligonga ukingo wa barabara wapi. Ukilazimika, lisome tarehe, lipapase kwa ndani kwa mkono mzima ukitafuta nundu, kiraka na mpira uliosagika, na usilifunge mbele.

Kampuni gani ni bora?

Swali hili wanataka nilijibu kwa neno moja. Sina neno moja. BFGoodrich KO2 ina sifa ya ubavu mgumu na nimeiona ikithibitisha kwenye mawe. Kwenye lami iliyolowa si tairi ninalolipenda kuliko mengine. Yokohama Geolandar A/T ni tulivu zaidi, inafaa anayekaa lami sehemu kubwa ya wiki. General Grabber ina wateja wazee hapa Arusha, kwa sababu jina la General wanalikumbuka tangu kiwanda chetu cha General Tyre kilipokuwa kikifanya kazi, kabla hakijasimama mwaka 2009. Bridgestone, Toyo na Cooper nazo zina A/T nzuri. Ndani ya kampuni moja utakuta A/T ileile kwa tairi la kawaida na kwa LT, jina moja, mchoro mmoja, ubavu tofauti. Kwa hiyo ukisikia fulani anasifia tairi lake, muulize namba ya uzito.

A/T inatakiwa kufika kilomita ngapi?

Dhamana utakazosoma, maili 50,000, yaani kama kilomita 80,000, zimeandikwa kwa barabara za Marekani. Yako pima mwenyewe. Tairi jipya la A/T lina kina cha milimita 10 hadi 13. Tuseme lako lina 12. Baada ya kilomita 10,000 unapima unakuta 10 na nusu: limeliwa milimita 1.5. Ukipanga kulitoa likibaki na 3, una milimita 9 za kutumia, na 9 kwa 1.5 ni mara sita. Tairi hilo litakufikisha kilomita 60,000 ukiendelea hivyohivyo. Kipimo cha kina kinauzwa bei ndogo. Ukikosa, njiti ya kiberiti na rula vinatosha.

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo vya milimita 1.6. Kashata zikilingana navyo tairi limekwisha, hata kwa lami kavu. Kwa tope la masika mimi nalihesabu limekwisha likifika 4.

Kwa nini yanaliwa upande mmoja?

Papasa kashata kwa kiganja, tairi litakuambia. Kingo zote mbili zimeliwa, katikati ipo: ulitembea na upepo mdogo. Katikati imeliwa: upepo umezidi. Ukingo mmoja tu, wa ndani au wa nje: alaimenti, na kabla ya alaimenti angalia bushi, boli jointi na tairodi, maana ukinyoosha gari lenye bushi zilizokufa litarudi kupinda wiki hiyohiyo. Vishimo vishimo kuzunguka tairi: shokapu au balansi.

Kingine kinachokula matairi kimyakimya ni kusahau gari kwenye foo wili ukiwa lami. Pikapu nyingi, ukiweka 4H, mbele na nyuma zinazunguka kwa kasi moja. Kwenye kona tairi lazima liburuzwe. Kwenye vumbi iweke, inasaidia matairi yote manne kugawana kazi. Ukigusa lami itoe.

Niyazungushe kila baada ya muda gani?

Kila kilomita 8,000 hadi 10,000, unapomwaga oili. Nyuma yanakwenda mbele yakiwa upande uleule, mbele yanakwenda nyuma kwa kuvuka. Tairi lenye mshale wa mwelekeo halivuki.

Pancha: kamba au kiraka?

Kamba ya mpira ni ya kukufikisha. Ukifika, tairi livuliwe, lichunguzwe ndani, libandikwe kiraka chenye kigingi kinachoziba tundu lote. Tundu liwe kwenye kashata na lisizidi milimita 6. La ubavuni haliponi, hata fundi akiapa. Na tairi lililotembea likiwa bapa, hata mita mia tatu, lifunguliwe: ukikuta unga mweusi wa mpira ndani, ubavu umeshasagika.

Spea nayo iwe A/T?

Iwe sawasawa na mengine, saizi, namba ya uzito na aina. Spea ndogo kuliko wenzake kwenye gari la foo wili inazisumbua gia unapoweka 4H. Wanaonunua matano kwa pamoja nawashauri waiingize spea kwenye mzunguko, ili matano yazeeke pamoja na kila moja lipumzike kwa zamu.

Kwenye pikapu nyingi spea inaning'inia chini ya bodi kwa kebo, inakula tope la masika na vumbi la kiangazi. Kebo inashika kutu na siku ya shida haishuki. Ishushe mara mbili kwa mwaka, osha, paka grisi, pima upepo. Jaza psi tano zaidi ya matairi ya chini, maana porini kupunguza ni kubonyeza valvu tu, na kuongeza kunahitaji pampu.